Jaketi la Kunyamaza

Neema, binti aliyekalia kiti changu cha radio nilipostaafu, alinipigia simu wiki ya pili tu akaniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini kurasa za daftari la radio zinaandikwa namba kwa mkono, mwanzo hadi mwisho, kabla daftari halijaanza kutumika. La pili, kwa nini kila dereva akifika juu ya mteremko wa kreta hasemi "nashuka" tu, bali anasema "breki nzima, nashuka". Nilimwambia majibu ni marefu kuliko salio lake. Sasa nimekaa hapa nyumbani Endamarariek, mahindi yameshavunwa, na mume wangu anasema tangu nistaafu ninamwita kama ninaita gari. Basi ngoja niandike, apumzike kidogo.

Nilifika Karatu mjini nikitafuta kazi ya kufagia. Kampuni ya utalii iliyonichukua ilikuwa na magari manne, gereji moja, na chumba cha bati nyuma ya gereji kilichokuwa na meza, betri ya gari na radio ya mawasiliano. Mwenye chumba hicho alikuwa Mzee Gwandu, mtu mfupi aliyefanya kazi ya mitambo ya mawasiliano jeshini mpaka goti lilipomsaliti. Alinikuta na ufagio mlangoni akaniuliza kama najua kuandika. Nikasema najua. Akanipa kalamu, akaanza kusema haraka haraka: bei ya nyanya, shemeji yake aliyekopa jembe hakulirudisha, mvua ya Oldeani, katikati akakohoa, akaendelea na shemeji. Alipomaliza akachukua karatasi, akaisoma polepole, akafika mahali nilipoandika "hapa akakohoa". Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Hapo kwenye kikohozi," akasema, "ndipo umepata kazi."

Hiyo ndiyo shule yangu. Ukisikia, andika ulichosikia, na aliyekisema, na saa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, weka sahihi pembeni, endelea. Usifute na usichane. Daftari jipya likija, kabla ya yote unaandika namba za kurasa, ili siku karatasi ikikosekana, daftari lenyewe liseme. Nilimwona kama mtu anayewashuku watu bure. Kurasa mia mbili za namba, mkono unauma, na kazi yenyewe hujaianza! Lakini niliandika, maana alikuwa akikagua.

Niliwajua madereva kwa sauti kabla sijawajua kwa sura. Wa kutoka Kilimanjaro walikuwa wakiongea kama wanagombana hata wakiomba chai. Wa kwetu, Wairaqw, walikuwa wakikwaruza kooni. Wamasai walikuwa wakisema machache na kwa utaratibu, nikawapenda, kwa sababu mkono haukuchoka. Madereva wote waliniita Kituo. Hata mnadani, mikono imejaa vitunguu, nikisikia "Kituo, Kituo" nyuma yangu nilikuwa nageuka.

Kitu kimoja nataka vijana wakijue. Yale masafa ya kreta yanasikika na kampuni zote. Madereva wana majina yao ya siri ya wanyama, kwa sababu wageni wote siku hizi wanajua simba ni nini, ukilitaja jina hilo kwenye radio mgeni anasimama ndani ya gari na kuanza kudai. Kwa hiyo simba ni "sharubu", na mambo yanaenda. Lakini tangu nilipoanza, hatari haikuwahi kupewa jina la siri. Tope, tembo barabarani, jiwe lililoporomoka, breki: hayo yanasemwa kwa Kiswahili cha kila siku, kwa sauti, kwa wote, hata kwa washindani wako. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Aliyeivunja alikuwa anakosa mtu wa kukaa naye wakati wa kula lanchi boksi.

Na msidhani sikujua kunyamaza. Nilisikia kwenye radio ile mambo ambayo nitazikwa nayo. Mgeni mkubwa aliyekuja na mama ambaye si mkewe, nilijua. Mama mmoja mzungu aliyelia kutoka langoni mpaka msitu wa Lerai, chini kabisa kretani, kwa sababu mumewe alikufa kabla ya safari waliyoipanga wote wawili, nilijua, na nikawaambia jikoni wamwandalie chai bila kuwaambia kwa nini. Faru alipo sikumwambia mtu yeyote aliyepiga simu kuuliza, awe na sauti tamu kiasi gani. Kunyamaza nilikuwa nakujua kabla kampuni haijaniletea karatasi yake.

Mzee Gwandu alistaafu, goti likamshinda, na baada ya miaka michache tukamzika Mbulu. Kampuni ikakua. Magari yakazidi ishirini, ikajengwa loji upande wa Ganako, mkurugenzi akahamia Arusha, na sisi tukaletewa meneja, Bwana Temu. Sitamsingizia. Alijua majina ya watoto wetu, na ndiye aliyejenga choo cha madereva ambacho tulikidai miaka mingi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: nyota. Zile nyota ambazo wageni huipa kampuni kwenye mtandao. Ikipungua moja, chai ilikuwa haimpiti kooni.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu umekaa kwenye ukingo wa kreta. Gari namba saba lilikuwa la Lekishon, mtu wa Engaresero, dereva wa miaka mingi ambaye hakuwahi kurudi na mgeni aliyenuna. Bwana Temu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Kituo, Kituo, Saba."

"Saba, sema."

"Kituo, niko juu ya mteremko. Breki inakwenda mpaka sakafuni. Nimepampu mara tatu ndiyo ikashika. Jana niliiandikia gereji. Naomba gari lingine, ova."

Gari lingine halikuwapo. Bwana Temu akaweka kikombe chini, akachukua maiki mkononi mwangu.

"Saba, shuka kwa gia ndogo, pampu taratibu. Tutaiangalia jioni. Wageni wasisubiri."

Radio ikanyamaza. Wanaoujua mteremko ule wanajua: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu, na kona inayofuata huioni mpaka umeifikia. Kisha Lekishon akasema, polepole kama anavyosema siku zote:

"Meneja, kwa heshima zote, sishuki. Nina watu sita humu." Halafu, bila kuvuta pumzi, akageukia wote waliokuwa hewani. "Madereva wote mlioko juu, Saba hapa. Gari langu halina breki. Mwenye nafasi anisaidie kushusha wageni wangu, hata wawili wawili."

Magari matatu ya kampuni nyingine yalijibu kabla hajamaliza. Wageni wakashuka, wakaona sharubu wakiwa kwenye mzoga, wakarudi wakicheka. Hakuna aliyeumia hata kidole. Na hapo ndipo tatizo lilipoanza, maana ajali isiyotokea haina ushahidi. Jioni ile gari lilivutwa hadi gereji, likafunguliwa, likafungwa, na kesho yake likawa na breki nzuri ajabu.

Mimi nilikuwa nimeandika yote, pamoja na maneno ya meneja, pamoja na saa. Mchana alikuja akakaa pembeni ya meza, akasoma.

"Mama Fausta," akasema, "hapa andika upya. Weka tu kwamba gari lilichelewa kushuka. Haya mengine ni maneno ya hasira."

"Mimi sikusikia hasira, meneja. Nilisikia breki."

Akacheka kidogo, akaniambia nina utani. Asubuhi daftari lilichukuliwa kwenda kukaguliwa, na kazi yangu yote haikuwahi kukaguliwa namna hiyo. Liliporudi baada ya siku tatu nililifungua. Ukurasa wa themanini na sita. Kisha themanini na tisa. Nilikaa nikiziangalia namba zangu mwenyewe, nikamkumbuka Mzee Gwandu na goti lake, nikaona haya kwa yote niliyomnung'unikia.

Lekishon alipewa barua ya kufukuzwa. Ilisema ametangaza mambo ya ndani ya kampuni mbele ya washindani, amechafua jina la kampuni, na ametelekeza wageni. Barua ya namna hiyo Karatu haikai mfukoni mwa mtu peke yake. Alizunguka kampuni tano, zote zilimpa chai na kumwambia wangempigia simu.

Wiki moja baadaye yakaja majaketi. Manene, ya kijani, yenye nembo kifuani. Ilikuwa Julai, na aliyewahi kuamka Karatu mwezi wa Julai ataelewa kwa nini tulipanga mstari kama watoto. Kila mmoja alisaini kwenye karatasi, akapewa jaketi, akalivaa hapo hapo. Mimi, mwanamke niliyeandika kikohozi cha mtu, sikuisoma karatasi ile. Nilisaini kama mtu anavyosaini kupokea sabuni. Ndiyo aibu kubwa ya kazi yangu, na nimeiweka hapa makusudi, Neema, ili ukicheka ucheke ukiwa umejifunza. Ilikuwa karatasi ya kuahidi kwamba hatutasema jambo lolote la kampuni, kwa mtu yeyote, mahali popote. Aliyeisoma alikuwa mpishi mmoja tu, akatuambia tukiwa tumeshavaa, na hakuna aliyelivua, kwa sababu lilikuwa na joto kweli.

Lekishon alinifuata mnadani. Alikuwa amevaa shuka lake jekundu juu ya suruali ya kazi, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekonda.

"Kituo, nimepeleka shauri Arusha. Mwamuzi wa migogoro ya kazi amelipokea. Lakini kampuni inasema breki zilikuwa nzima na mimi ni mkorofi. Waliosikia ni wengi, ila wote wana waajiri. Wanaogopa."

"Na mimi nina mwajiri, Lekishon."

"Najua, dada. Sikulazimishi." Akaangalia ng'ombe waliokuwa wakipitishwa. "Mifugo yangu iliisha kwenye kile kiangazi kikubwa. Kazi niliyobaki nayo ni usukani. Wakininyang'anya na jina, nitarudi Engaresero kufanya nini? Kuwaonyesha wageni miguu yangu kando ya zile nyayo za watu wa kale?"

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Yeye ni mkulima, hazungushi. Aliniuliza Fausta amebakiza miaka mingapi sekondari, akaniuliza kama nimeshasaini, nikasema nimesaini. Akachukua jembe, akaenda, akarudi kutoka mlangoni.

"Lakini uliyasikia kweli?"

"Niliyasikia."

"Basi mimi sina la kusema," akasema, akaenda kulima. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Arusha tulikaa kwenye chumba kidogo chenye meza ndefu. Mwamuzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani aliyoisukuma juu kila anaposoma. Bwana Temu alikuja na wakili wa kampuni, na wakaleta daftari langu kuonyesha kwamba hakuna mahali palipoandikwa breki. Mimi nilikuwa nimevaa jaketi, kwa sababu basi la alfajiri lina baridi na sikuwa na kingine.

Mwamuzi akaniuliza kama daftari ni langu. Nikasema mwandiko ni wangu. Akaniuliza kama limekamilika. Nikaomba afungue ukurasa wa themanini na saba. Akafunua mbele, akafunua nyuma. Akasukuma miwani juu, akamwonyesha wakili. Bwana Temu akaangalia dirishani.

"Ukurasa huo ulikuwa na nini?" mwamuzi akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, wakili alikuwa ameshasimama. Akatoa karatasi yenye sahihi yangu, nzuri, iliyosomeka vizuri, maana nimefundishwa kuandika. Akasema shahidi huyu amejifunga kwa hiari yake kutosema mambo ya kampuni, na akisema atakuwa amevunja mkataba wake wa kazi, na kampuni itachukua hatua. Alilisema hilo la hatua akiniangalia mimi, si mwamuzi.

Nitasema ukweli, niliogopa. Nilimfikiria Fausta na sare yake ya shule. Kisha nikaiangalia ile sahihi na nikapata hasira, si kwa wakili, kwangu mwenyewe, kwamba kazi ya miaka yote ile ilikuwa imenunuliwa kwa zipu na nembo. Nikasimama, nikafungua zipu. Ilisikika mpaka mwisho. Nikalikunja jaketi vizuri, nembo juu, nikaliweka mezani mbele ya Bwana Temu.

"Mheshimiwa," nikasema, "siku ile nilidhani nasaini jaketi. Kama nilipewa hili ili ninyamaze kuhusu breki, basi mwenyewe huyu hapa, alichukue. Majina ya wageni wao nitaendelea kuyatunza bure."

Mwamuzi hakucheka, ila aliinamisha kichwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema karatasi ya kampuni inaweza kulinda siri za biashara na faragha za wageni, na hilo analiheshimu, lakini haiwezi kumziba mdomo shahidi aliyekula kiapo mbele yake, wala kugeuza breki mbovu kuwa siri ya biashara. Akaniambia niendelee. Nikayasema yote, neno kwa neno, kwa saa zake. Nilipofika kwenye "sishuki, nina watu sita humu", nilimwambia mwamuzi kwamba kabla yake palikuwa na kimya, maana kimya nacho nilikuwa nimekiandika.

Tulipotoka nje, upepo wa Arusha ulinikuta na blauzi nyembamba. Lekishon akavua shuka lake, akanifunika mabegani. Nilirudi Karatu nimejifunga shuka la Kimasai, Mwiraqw mzima, na abiria wote wakinitazama. Sijawahi kutazamwa nikafurahi namna ile.

Lekishon alishinda. Kampuni iliamriwa imrudishe, akarudi, akaendesha msimu mmoja kichwa juu, kisha akahamia kampuni nyingine kwa miguu yake mwenyewe na barua safi mfukoni. Mimi sikufukuzwa. Walikuwa wameshajifunza kwamba kufukuza kuna mwamuzi. Nilihamishiwa chumba cha dobi kule loji, "kwa mahitaji ya kazi", nikafua mashuka ya vitanda mwaka mzima na zaidi. Wenzangu waliambiwa wasiniletee habari za ofisini, na wengi walitii. Walionipita bila salamu niliwasamehe, nao walikuwa na akina Fausta wao. Yalikuwa mashuka meupe kuliko yote yaliyowahi kutandikwa Ganako, na hilo nalo naliandika kwa majivuno.

Wakati huo madereva walifanya jambo ambalo sikuwaomba. Mmoja alianza, sijui nani, na mpaka leo hawataki kuniambia. Akifika juu ya mteremko, badala ya "nashuka", akasema "breki nzima, nashuka". Wa pili akafuata. Kisha wa kampuni nyingine. Mwisho ikawa ukisema "nashuka" pekee, radio nzima inakuuliza, "Na breki?" Hakuna meneja aliyeweza kumpa barua mtu kwa kusema breki zake ni nzima. Na siku breki zisipokuwa nzima, dereva hana la kusema, anakaa kimya juu pale, na kila mtu anajua kwa nini.

Bwana Temu alipohamishwa, meneja mpya aligundua kwamba madereva wake wakipata shida wanaita ofisi za wengine. Akauliza sababu. Wakamwambia, "Huku hakuna mtu wa kutuandika." Akaja mwenyewe kwenye chumba cha dobi, akanikuta na kapu la taulo, akaniomba nirudi. Nilimwambia nitarudi nikipewa daftari jipya, na siku ya kwanza asinitegemee, nitakuwa naandika namba za kurasa.

Siku yangu ya mwisho kazini walinipikia pilau, wakanipa zawadi iliyofungwa kwenye karatasi ya maua. Ilikuwa jaketi. Walicheka mpaka wakalia, maana kisa walikuwa wanakijua. Nilitafuta mifukoni na ndani ya kola kama kuna karatasi ya kusaini, hakukuwa na kitu, nikalivaa. Neema alikuwa amekaa pembeni tayari kupokea kiti. Nikashika maiki kwa mara ya mwisho, nikasema Kituo anafunga, asanteni wote. Kisha ikaja sauti ya mtu wa kampuni nyingine kabisa, polepole, kutoka juu ya mteremko.

"Kituo, Lekishon hapa. Nina watu wanne. Breki nzima, nashuka."

Nilitaka kusema mengi. Nikasema kile ninachosema siku zote, "Shuka salama," nikachukua kalamu, nikaandika saa.